Kwaresima ya Kiungo Asiyepiga Kelele

Jumamosi, tarehe 6 Aprili. Alfajiri kulikuwa na manyunyu na baridi ya kuuma vidole. Kufikia saa tatu mvua ilikatika, lakini uwanja ulio nyuma ya shule ya parokia ulibaki unateleza kama sahani iliyopakwa siagi.

Siku hiyo nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: nisiwekwe golini.

Mpira wa lakrosi ni mdogo kama limau na mgumu kama jiwe, na watu wanaurusha kwa fimbo zenye wavu kwa nguvu zao zote. Connie alikuwa kipa wetu kwa miaka miwili. Alikuwa na alama ya buluu pajani yenye umbo kamili la jimbo la Delaware, naye alimwonyesha kila aliyeuliza na kila ambaye hakuuliza. Alhamisi, kwenye darasa letu la jioni la lakrosi, aliweka kofia yake ya chuma mezani kwa kocha.

"Basi," alisema. "Nimechoka kupigwa. Na mimi nataka kukimbia kama watu."

Kocha Verna alikuwa mwalimu wa michezo mstaafu, mwenye miaka sitini na nane na sauti ya miaka ishirini. Alitutazama sisi viungo watatu, mimi, Marlene na Dot.

"Jumamosi tunacheza na wale wa Towson," alisema. "Atakayetufanya tuotee, huyo ndiye kipa kuanzia wiki ijayo. Sitaki rufaa."

Kuotea kwetu ni hesabu tu. Wachezaji saba ndio wanaoruhusiwa kuvuka mstari kwenda kushambulia. Washambuliaji wanne wako huko tayari, na viungo watatu tunatimiza saba. Lakini beki akipanda na mpira, kiungo mmoja lazima abaki nyuma, na lazima awaambie wenzake kwa sauti: "Nabaki!" Verna alikuwa ametuandikia ubaoni: kiungo ni mdomo kwanza, miguu baadaye.

Hapo ndipo matatizo yalipoanzia. La kwanza lilikuwa letu sote. Tulianza mchezo huu tukiwa tumeshapita miaka hamsini, na kabla ya hapo tulikuwa tumezoea kupishana kwa adabu kwenye milango ya kanisa. Katika mechi iliyotangulia, beki alipopanda na mpira, viungo wote watatu tulisimama kwenye mstari.

"Tangulia wewe, dada," alisema Marlene.

"Hapana, wewe umefika kwanza," nilisema.

"Jamani, mimi naweza kusubiri," alisema Dot.

Tulishambulia tukiwa watano. Mwamuzi akaja kutuuliza kama kuna mgonjwa.

Tatizo la pili lilikuwa langu peke yangu. Jumatano ya Majivu wenzangu waliacha chokoleti. Mimi niliahidi mbele za Mungu kwamba nitaacha kupiga kelele mpaka Pasaka. Mume wangu, Leonard, alikuwa amelalamika kwamba mtaa mzima unajua saizi ya viatu vyake kwa sababu niliitangaza dirishani. Nilisali, nikaona ana haki. Niliandika ahadi yangu kwenye kadi na kuiweka ndani ya Biblia, tena kwa kalamu ya wino.

Sikufikiria lakrosi hata kidogo. Mungu anisamehe, nilifikiria viatu tu.

Mazoezini nilijaribu njia nyingine. Nilinyoosha fimbo juu. Dot akadhani naomba mpira, akanirushia, ukanipiga kwenye miwani ya kujikinga. Nilijaribu kunong'ona, lakini Marlene huvua kifaa chake cha masikio ili kisilowe.

Basi mechi ikaanza. Mara tatu katika kipindi cha kwanza beki wetu alipanda, na mara tatu nikamkimbilia Marlene na kumnong'oneza.

"Nabaki."

"Nini?"

"Nabaki, shoga."

"Unataka maji?"

Mara ya tatu ilibaki hatua moja tu tuwe wanane. Nilijirusha nyuma ya mstari, nikaanguka kwa makalio, nikateleza kwenye matope mpaka karibu na Connie golini.

"Karibu nyumbani," aliniambia.

Wakati wa mapumziko tulikuwa nyuma, sita kwa matatu. Verna alinijia akiwa ameshika kiuno.

"Geraldine, wewe ni kiungo au ni sanamu ya kanisani?"

"Nimefunga kelele, kocha. Ni Kwaresima."

"Wenzako wamefunga peremende! Nani amekutuma kufunga mdomo?"

"Mwache," alisema Connie. "Kofia nimeshaiosha kwa sabuni ya limau. Itamkaa vizuri."

Nikamwendea Padri Kessler, aliyekuwa pembeni mwa uwanja na donati mkononi.

"Padri, kuimba ni kupiga kelele?"

Alifikiri. "Inategemea anaimba nani."

"Mimi."

Padri amenisikia kwenye kwaya kwa miaka kumi na tisa. Alifikiri tena, kwa muda mrefu zaidi.

"Sikumbuki Kanisa likikataza," alisema mwishowe.

"Basi nitaimba."

"Mungu akubariki. Na awasaidie watakaokuwa karibu."

Kipindi cha pili, beki wetu alipookota mpira na kuanza kupanda, nilivuta pumzi na kuimba kwa mahadhi ya zaburi, "Naaa-baaa-kiii!"

Marlene, ambaye ameitikia misa maisha yake yote, hakuhitaji kifaa cha masikio. "Aaa-miii-na!" aliimba, akavuka mstari. Dot akamfuata. Tulikuwa saba kamili, na sekunde chache baadaye tukapata bao.

Tangu hapo mambo yalinyooka. Aliyebaki aliimba, waliokwenda waliitikia, na hakuna aliyesimama mlangoni kumpisha mwenzake. Hata mbio zangu zilipata mpango. Niligundua kwamba nikisali Baba Yetu kwa mwendo wa kawaida, natoka mstari mmoja na kufika mwingine ninapotaja mkate wetu wa kila siku, nikiwa bado na pumzi ya kukaba. Niliokota mipira miwili chini, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Nahodha wa Towson alimwendea mwamuzi. "Hawa wanaimba!"

Mwamuzi alipekua kitabu chake. "Hakuna kifungu kinachokataza."

"Lakini wanaimba vibaya!"

"Hicho nacho hakipo."

Zikabaki sekunde thelathini, nasi tuko nyuma kwa bao moja tu, tisa kwa manane. Beki wetu akapanda na mpira. Nilisimama karibu na mstari, nikaimba. Marlene na Dot wakaitikia, wakavuka. Saba.

"Geraldine!" Verna alikuwa akirukaruka pembeni. "Kuna nafasi kama uwanja wa ndege! Nenda!"

"Naaa-baaa-kiii!"

"Acha misa! Nimesema nenda! Kocha ni mimi au ni wewe?"

Nimelelewa kutii wakubwa. Nilivuka. Dot akanirushia mpira, ukakaa kwenye wavu wangu kama yai kwenye kiota, nikautupa golini. Bao! Bao langu la kwanza tangu nizaliwe. Padri akaangusha donati.

Halafu firimbi ikalia. Mwamuzi alituhesabu kwa kidole, polepole, akafika nane. Bao likafutwa. Towson wakapewa mpira, na muda ukaisha wakiwa nao.

Nilimwendea Connie, nikainyooshea mikono ile kofia. Ilikuwa nzito na kweli ilinukia limau. Nikaanza Salamu Maria.

"Subiri kwanza," alisema Dot. "Kocha, aliyetufanya tuotee ni nani hasa?"

Verna alikohoa. "Aliyevuka ni Geraldine."

"Akiwa anaimba kwamba anabaki," alisema Marlene. "Hata mimi nilimsikia."

Verna alimgeukia Padri. "Padri, wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia 'nenda'. Mara mbili."

"Hata Leonard amesikia," alisema Connie, "na yeye yuko nyumbani."

"Jamani, nina miaka sitini na nane!"

"Ulisema hutaki rufaa," tulimjibu watatu kwa pamoja, na wala hatukupanga.

Verna alitutazama mmoja mmoja. Hajawahi kudanganya mtu, na ile Jumamosi haikuwa siku ya kuanza. Alichukua kofia mikononi mwangu, akaivaa juu ya miwani yake, ikakwama, akaisukuma mpaka ikaingia. Wachezaji wa Towson walisogea ili wasikose kitu.

"Haya, sikilizeni wote," sauti yake ilitoka ndani ya vyuma, "na Padri awe shahidi, na nyie wa Towson pia. Mimi, Verna Stallings, Jumamosi ijayo nitasimama golini mwanzo mpaka mwisho wa mechi, na nikipigwa sitamlaumu mtu yeyote ila mdomo wangu."