Kizunguzungu cha Piroska

Piroska alifika ukutani mwa bwawa, akapiga pindu ndani ya maji, akausukuma ukuta kwa miguu, kisha badala ya kunyoosha akaparamia kamba inayotenga njia za waogeleaji. Akajivuta hadi ukingoni na kutapika mferejini.

"Unaelekea wapi, bibi? Romania?" Kocha Gyuri akamuuliza.

Wanawake walicheka. Ilka naye alicheka, lakini roho ilimsuta.

Walikuwa watano, wote wamepita hamsini, wakiogelea hapo Eger, Hungaria, kila asubuhi kabla ya kazi. Mbio za kupokezana za Aprili zilitaka wanne. Watatu hawakuwa na mpinzani. Nafasi ya nne iligombewa na Ilka na Piroska, majirani wa miaka thelathini, na Piroska ndiye aliyemfundisha Ilka kuogelea. Kikulacho ki nguoni mwako.

Maana Ilka naye aliwahi kushikwa na kizunguzungu hicho. Daktari wa masikio alimwambia si ugonjwa: maji baridi yakiingia sikio moja kabla ya jingine, kichwa hudhani kinazunguka. Ziba yote mawili. Ilka alinunua vizibo, akavifunika kwa kofia, na tangu siku hiyo hakuyumba tena. Piroska alipomuuliza amefanyaje, alijibu, "Mazoea tu, shoga. Kinaisha chenyewe." Basi Piroska akawa anapiga pindu ishirini kila asubuhi na kutapika, na Ilka akimtazama.

Leo Piroska alipomaliza kutapika alimwambia kocha, "Nafasi mpe Ilka. Mimi basi."

Ilka alikuwa ameitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Sasa ameipata, na hakuweza hata kutabasamu. Akamfuata Piroska hadi chumba cha kubadilishia nguo, akamkuta amekaa na taulo mapajani, hajavua chochote. Ilka akavua kofia, akachomoa vizibo, akamwekea kiganjani na kumweleza aliyoyasema daktari.

"Umejua tangu lini?"

"Oktoba."

Sasa ilikuwa Machi. Piroska alivigeuzageuza vile vizibo kiganjani.

"Mama yangu alianza hivi hivi," akasema. "Kizunguzungu, kutapika, kuyumba. Uvimbe kichwani. Nimeogopa kwenda kupimwa, Ilka. Mwezi uliopita nilimwita binti yangu kutoka Győr, nikamwonyesha nguo ya kunizikia."

Ilka alikosa pa kuuweka uso.

"Nafasi ichukue wewe. Namwambia kocha sasa hivi."

"Nafasi gani?" Piroska akauliza, kama mtu aliyesahau kweli.

Akavifuta vizibo kwa taulo, akavitia masikioni, akarudi bwawani. Ilka akasimama mlangoni. Piroska aliogelea mpaka ukutani, akapiga pindu, akatoka amenyooka kama uzi. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Mara ya nne hakupinduka. Aliushika ukuta kwa mikono miwili, akalia kwa sauti.

Gyuri akamgeukia Ilka. "Umemfanya nini mwenzako?"

Wale wengine watatu nao wakaacha kuogelea, wakamtazama. Ilka akaanza kueleza, tangu Oktoba, na hakuna aliyemwambia inatosha.