Vyoo Kumi na Kimoja

Kwa wiki tatu mchora ramani alizunguka mtaa mzima, simu mkononi, akiweka alama nyekundu kwenye kila shimo la choo. Alipomaliza, jambo lilikuwa wazi: kisima kichimbwe mlimani, nyuma ya shule, mbali na uchafu wote.

Kwa hiyo mchimbaji alipompigia kutoka bondeni, alidhani amesikia vibaya.

"Bondeni unafanya nini?"

"Ramani yako ndiyo iliyonileta, dada. Njoo unuse mwenyewe."

Alifika akihema. Mtambo ulikuwa unatapika matope meusi, yanayoteleza, yenye uvundo wa kumfanya azibe pua kwa mtandio. Mchimbaji, mtu aliyezoea kila aina ya tope, alikuwa ametema mate mpaka koo limemkauka. Akampa kishikwambi chenye ramani aliyotumiwa. Jina la mchora ramani lilikuwepo pale chini, lakini vyoo kumi na kimoja vilikuwa vimetoweka. Choo cha shangazi yake, chenye mlango wa gunia, kilikuwa hatua ishirini tu kutoka hapo. Kwenye ramani palikuwa kijani kitupu, kama bustani.

Akampigia mkuu wa idara ya maji, ambaye ndiye aliyepokea ramani yake.

"Aa, vile? Nilivifuta mimi," mkuu alisema, akitafuna kitu. "Gari la wageni, wale wafadhili, halipandi mlimani. Halafu watu wa hapo matumbo yao yameshazoea, usijali."

Akaziba pua tena kwa mtandio. Sasa si kwa tope tena, bali kwa sauti ile, na kule kutafuna.

"Zima mtambo," alimwambia mchimbaji.

"Nikiulizwa?"

"Sema nimekataa mimi."

Akamwandikia hivyo kwenye karatasi, akatia sahihi. Ramani ya kwanza bado alikuwa nayo kwenye simu; akaituma kwa kamati ya maji na kwa wafadhili, pamoja na picha za matope.

Shangazi alitoka kuangalia kuna nini. Alipoelezwa, akashika kiuno.

"Kanifutia choo? Kwa hiyo miaka yote hii najisaidia hewani?"

Majirani waliokuwa wamekusanyika walivunjika mbavu kwa kicheko. Mchora ramani hakuweza hata kutabasamu.

Tundu lilizibwa kwa saruji, na mwezi uliofuata maji safi yalitoka mlimani. Mkuu wa idara hakuulizwa na mtu. Siku ya uzinduzi alisimama mbele, shati limepigwa pasi, akisifia "ramani yetu". Alipomnyooshea mchora ramani mkono ili wapigwe picha, dada huyo alijivuta kando kama aliyenyooshewa tope lile la bondeni. Akaficha mikono yake nyuma, wageni wote wakiona.