Springi za Mama Mkwe

Shemeji yangu Jumanne ni fundi, hilo silipingi. Pikipiki za Kilindoni karibu zote zimepita mikononi mwake, zikatoka zinakohoa kidogo kuliko zilivyoingia. Ila akili yake ina tundu moja, na tundu lenyewe ni Foksi, lile gari la zamani lenye mgongo wa kobe na injini nyuma. Alilikuta uani kwa watu, kuku wanatagia ndani, akalivuta hadi nyumbani, na tangu siku hiyo mdogo wangu Amina akapata mke mwenza wa chuma. Haya nayasema mbele yake. Mimi ni shemeji, nisipomtania mimi atamtania nani?

Shida ya Foksi ilikuwa mbele. Hewa ya chumvi ilikuwa imelila lile bomba linalobeba magurudumu ya mbele, ukilibonyeza kidole kinazama kama kwenye mkate wa boflo. Spea hapa kisiwani kwetu hakuna, na Dar alipiga simu mpaka watu wakaacha kupokea. Angeliuza chuma chakavu tukapumzika. Lakini Amina alikuwa na mimba ya kwanza, imeshaingia mwezi wa nane, na alikuwa anamtaka mama.

Mama yetu, Bi Mwanahalima, alikuwa anakaa kijijini Kanga peke yake. Kwetu mtoto wa kwanza anapozaliwa, mama wa mzazi ndiye anayemkanda, ndiye anayempikia uji wa pilipili manga, na haondoki mpaka arobaini ipite. Sasa mama alianguka mwaka jana akaumia nyonga, na barabara ya Kanga mashimo yake hayana imani. Tulimkodia gari tukajaribu kumleta, hata nusu ya njia hatukufika, akalia kwa maumivu, tukamrudisha. Amina naye daktari alimkataza kwenda mbali na hospitali. Akawa analia chooni, anafungulia bomba la maji ili tusimsikie, nasi tunamsikia. Ndipo Jumanne akamwambia atalitengeneza lile Foksi mpaka mama apite juu ya shimo asijue. Nilicheka hadi kanga ikanidondoka, lakini moyoni nilimwombea.

Akakata mbele yote. Akachomelea fremu mpya ya chuma kinene, akatia mikono miwili ya kubeba gurudumu kila upande, akaenda kung'oa springi na shokapu kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilichokufa. Uani kwetu hapakupitika. Nikamuuliza kama anaunda gari au kitanda cha hospitali, akasema vyote viwili.

Kazi ikakwama kwenye springi. Jumanne alisema springi hukatwa kwa kufuata uzito: ikiwa laini mno gari linabwaga tumbo chini, ikiwa ngumu mno linamrusha mtu. Na mama lazima akae mbele, maana Foksi lina milango miwili tu na kiti cha nyuma kinataka mtu wa kujikunja. Kwa hiyo ilitakiwa kujua mama ana uzito gani.

Basi hapo ndipo fundi wangu alipoishiwa ufundi. Huyu ni mtu ambaye akienda Kanga anaamkia shikamoo huku anatazama ndoo ya maji. Tangu aoe hajawahi kumwangalia mkwewe usoni, ndiyo adabu yetu, sasa amuulize kilo? Akanituma mimi. Nikamwambia sitaki laana, akampime mwenyewe kwenye mizani ya mwani. Akanuna. Mwisho akapakia magunia ya mwani mkavu kwenye kiti cha mbele, akayafunga mkanda, akakata springi kwa kuyafuata. Kisha akarudi nyuma akayatazama, akaona kama amemdhalilisha mkwe. Kumkadiria mama mzima wa pwani uzito mdogo si sawa na kusema halishwi? Akaongeza gunia, akachomoa springi zile, akatia ngumu zaidi.

Siku ya kumfuata mama nilikaa nyuma, mwili wangu huu, magoti mdomoni. Kwenda Kanga Foksi liliruka kama mbuzi. Jumanne akasema nisijali, mbele kunamsubiri mwenyewe, mama akikaa patatulia. Nikamwambia tutaona.

Mama alitoka ndani na magauni yake mapana, kanga mbili juu, mtandio, kama anavyovaa siku zote. Tukamkalisha. Jumanne akajibana mlangoni asimguse mkwewe bega, nusu ya mwili iko nje, nikadhani ataliendesha kwa sikio. Tukaondoka.

Shimo la kwanza mama alishika dashibodi. La pili akasema "Yallah" polepole. Gari lilikuwa linaruka vilevile kama lilivyokuja, kama vile pale mbele hapajakaa mtu. Hatujafika Kirongwe, Jumanne akasimamisha. Jasho linamtoka, mikono imeshika usukani, macho yako mbele.

"Jumanne mwanangu," mama akasema, "hizi springi ulizipima kwa kipimo gani?"

"Kwa heshima, mama."

Mama akaiachia dashibodi. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyefumaniwa. "Basi umeniheshimu kuliko nyama niliyonayo."

Nilitaka kutania. Nikaacha. Nilimshusha Jumanne nikapenya mlango wake, nikazunguka, nikafungua wa upande wa mama, nikamwambia mama asogee tuongeze uzito, nitampakata. Akabisha kwamba yeye si mtoto. Nikamnyanyua. Wallahi nilimnyanyua kama ninavyonyanyua beseni la nguo, nikamweka mapajani, na chini ya zile kanga sikukuta mtu, nilikuta mifupa. Nikamuuliza anakula nini. Akasema tangu aanguke kusimama jikoni kunamchosha, na mtu mmoja awashe moto wa nini. Akasema hakutaka tujue, tungeacha kazi zetu. Nililia, na sikufungulia bomba lolote.

Jumanne akawasha gari. Na uzito wangu pale mbele, Foksi likatulia. Mashimo tuliyaona kwa macho tu, kiunoni hayakufika. Mama akalala kifuani kwangu hadi Kilindoni, na Jumanne akaendesha huku anapangusa uso kwa mkono wa shati.

Amina alikuwa kibarazani, tumbo mbele, amejishika kiuno. Alipomwona mama ninamshusha mikononi alipiga magoti pale pale, na mimba yake ile. Mama akamshika kichwa, akamwambia ainuke, akamuuliza mtoto anachezea upande gani. Amina alikuwa ameushika mkono wa mama, na vidole vyake vinazunguka kifundo kizima mpaka vinapandana.

Jumanne alikuwa bado amesimama kando ya Foksi, anatazama gurudumu. Akasema, "Mama, nisamehe. Kesho nitazitoa, nitie laini."

Mama akamgeukia. Na Jumanne, kwa mara ya kwanza tangu amwoe mdogo wangu, akainua macho akamwangalia mkwewe usoni.

"Ziache hizo hizo," mama akasema. "Nilisheni nizifikie."