Gramu Sitini za Huruma

Ilikuwa siku ya nne perege hawajatiwa kitu mdomoni, na moyo wa Mzee Mizani haukuwa na raha.

Jina hilo alipewa na wafugaji wenzake, kwa sababu hajawahi kuwarushia samaki chakula bila kukipima kwanza. Walimtania kwamba hata sukari ya chai yake huipima kwa gramu. Sasa mpwa wake, binti wa dada yake anayesomea lishe ya samaki chuoni, alikuwa amepanga mabeseni sita makubwa kwenye banda lake: matatu yanakula, matatu yana njaa.

Binti alimweleza vizuri. Protini ya chakula hukatwakatwa tumboni, na vile vipande vidogo kabisa hupita kwenye vijilango vilivyo katika ukuta wa utumbo. Jeni moja ndiyo inayoamuru vijengwe vingapi. Je, samaki mwenye njaa huagiza vingi au vichache? Akijua hilo, huenda mfugaji akalisha soya nyingi na unga wa samaki kidogo bila kumdumaza samaki. Mzee alielewa yote. Kilichomshinda ni beseni la pili, mojawapo ya yale ya njaa.

Aliwalea tangu wakiwa kama punje za mchele. Asubuhi hiyo alipopita, walipanda juu wote na midomo wazi, na yule mwenye mkia uliomeguka, aliyemwita Mchokozi, akamnyonya kidole. Mzee akaenda kuchukua mizani. Akapima, akawapa, akaondoka kifua mbele kama kijana aliyetoka kuposa.

Raha hiyo haikufika mbali. Mpwa alikuja na boksi la barafu, akasema gari la maabara litapita saa nane, na zamu yake ya mashine ya kupimia jeni ni hiyo moja tu. Akiikosa, shahada inangoja mwaka mzima. Akawalaza samaki wa beseni la kwanza kwa dawa ya usingizi, akawapasua, akakata kipande cha utumbo wa kila mmoja na kukitia kwenye kichupa. Mzee alimshikia taa. Saa sita na nusu, binti akatumbukiza wavu kwenye beseni la pili.

"Hao wamekula," mzee akasema.

Wavu ukasimama. "Nani kawalisha?"

"Mimi."

"Mjomba, nilikukataza mara ngapi?"

"Mara nne. Ya tano nilijikataza mwenyewe."

Binti hakucheka. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akakumbatia magoti kama alivyokuwa akifanya utotoni akinyimwa kitu, na mzee akatamani bora angetukanwa. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza aliwapa kiasi gani.

Mzee akavua kofia, akatoa karatasi iliyokunjwa. Gramu sitini. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na mbili. Wamemaliza kwa dakika nne.

Binti akaisoma mara mbili, akatazama saa yake, akainuka. Zimetimia saa sita tangu walipokula, alisema, na hilo hakuwa amelipanga: samaki aliyeshinda njaa kisha akala, vijilango vyake vinafanya nini? Beseni moja halithibitishi kitu, na ripoti itasema wazi kilichotokea. Ila vichupa vya beseni hili atavipeleka kando, na yale mawili ya njaa yaliyobaki yanatosha.

"Andika na jina langu," mzee akasema, kifua kikimrudia.

"Nitaandika 'mfanyakazi mmoja asiyesikia'."

Akamfuta mjomba magamba yaliyomganda shavuni kwa mkono wa koti, taratibu. Mwezi ujao, akamwambia, watarudia kwa mabeseni mengi, na kazi ya kuwapa chakula cha kwanza baada ya njaa ni yake, kwa saa na kwa mizani. Lakini ni siku nne kamili.

"Tatu," mzee akasema.

"Nne."

"Tatu na nusu, mama. Mwangalie Mchokozi anavyokutazama."

"Nne, mjomba. Na siku hizo utalala kwetu, funguo za banda nitakaa nazo mimi."

Mzee akafikiri, akamtumbukizia Mchokozi kidole.

"Basi huyu asipasuliwe, abaki akila tu," akasema.

Binti akauinua wavu, akamwacha Mchokozi apite.