Mjumbe wa Baraza la Usalama kutoka Bahati

Teresiah alikuwa akichambua mchele mlangoni pake, mtaani Bahati, taarifa ya habari ya saa saba mchana iliposema kwamba Rais ameunda Baraza la Ushauri wa Usalama wa Taifa. Majina ya wajumbe yalisomwa. Moja lilikuwa la mumewe, Bedan Mbuthia.

Bedan, katibu wa chama cha wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha Baba Dogo, alichukuliwa na askari kanzu mwaka wa 1982. Kituoni walisema hawamjui. Mwanzoni Teresiah aliwapelekea askari chakula cha Bedan. Baadaye aliomba mwili tu, ili azike.

Jirani yake, Salme, alifika na pakiti ya sukari ya kumpongeza.

"Hongera, Mama Wangeci! Usije ukatupita na gari la bendera ukajifanya hutujui."

"Salme, Bedan amekufa."

"Tunajua, dadangu. Lakini kateuliwa. Mkumbushe habari ya mfereji. Tangu Ijumaa hatuna maji."

Jioni gari jeusi la serikali lilimleta Bedan. Alivaa suti mpya iliyomkaa vizuri. Chai hakuigusa. Alieleza kwamba wajumbe wote ni watu waliochukuliwa kama yeye. Serikali ilikuwa imewajaribu walio hai, wakazungumza na waandishi wa magazeti.

"Umelala wapi, Baba Wangeci?" Teresiah aliuliza. "Nitajie mahali tu. Jembe nitabeba mwenyewe."

Bedan alitazama mikono yake.

"Tuliapishwa. Hiyo ni siri ya serikali."

"Hata kwangu?"

"Hasa kwako."

Udongo mwekundu ulikuwa umedondoka kutoka kwenye viatu vyake. Bahati haina udongo wa rangi hiyo. Teresiah aliinama auokote, lakini dereva alimtangulia. Aliufagia kwa ufagio mdogo aliokuja nao, akautia udongo mfukoni, akasema, "Samahani, mama. Ni kazi tu."

Bedan aliaga. Nje Salme alimweleza habari ya mfereji, naye akaahidi kuifikisha panapohusika.

Kesho yake redio ilisema Baraza limefanya kikao chake cha kwanza. Kwa kauli moja, wajumbe walimshauri Rais kwamba hakuna raia hata mmoja aliyepotea mikononi mwa polisi, na kwamba familia zinazodai miili zinavuruga amani.

Teresiah alizima redio, akajifunga leso, akaenda kituoni. Safari hii askari wa zamu alisimama. Alimpangusia kiti, akamwita Mama Mheshimiwa, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamshauri, kwa heshima, apeleke malalamiko yake kwenye Baraza.