Doa la Unyayoni

Saa mbili asubuhi Claudine alikuwa bado anakanyaga cherehani barazani kwake mtaani Kamalondo, kwa mguu mmoja. Alipomaliza sare ya shule aliyoahidi, alimkabidhi mwenyewe, akachechemea hadi kituo cha afya. Kwa miezi minne doa jeusi lilikuwa limekaa katikati ya unyayo wake wa kulia, naye aliogopa kuukanyagia. Jana daktari wa kwanza alilitazama kwa macho tu, akasema ni kansa, wanakata mguu baada ya siku mbili. Fundi cherehani bila unyayo atakanyaga nini?

Gauthier wa mapokezi aligeuza juu chini barua ya rufaa ya Claudine, ya kumwona daktari wa ngozi.

"Mama, transferi haina kashe. Urudie lundi."

"Lundi? Kesho banakata muguu!"

"Miye sikuweka sheria, mama."

Mwenye mhuri huo alikuwa kwenye semina tangu juma lililopita, hadi Jumatatu. Claudine akakaa kwenye benchi kati ya wagonjwa wengine, akavua kiatu, akainua unyayo ukumbi mzima uuone.

"Basi, miye nabakia hapa."

Muuguzi Bahati, aliyekuwa akipita, akasimama. Akatoa mfukoni lenzi ndogo yenye taa, akaibandika kwenye simu yake, akapiga magoti sakafuni.

"Ngozi inangaa, inatuficha vitu," alisema. "Mwanga wa hii taa unachujwa, unapita upande moya tu. Ule mungao unabakia inje, tunaona mpaka ndani."

Kwenye kioo cha simu unyayo ulionekana kama shamba lililolimwa matuta. Nyuzi za rangi ya kahawia zilijipanga sambamba.

"Unaona, mama? Rangi inalala mu mifereji. Kama ingepanda ku matuta, ningeogopa."

Akamtumia picha Daktari Annie, bingwa wa ngozi. Claudine alingoja amekishika kiatu kifuani. Kisha sauti ya daktari ikatoka kwenye simu: "Iko alama ya kawaida tu. Basimukate! Nitamuona kisha miezi tatu."

Claudine alilia, akacheka, akamkumbatia Bahati hadi kofia ya muuguzi ikaanguka. Akaikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, kwa nguvu, mara mbili. Benchi likapiga vigelegele.

"Bila kashe siandike mu rejista," Gauthier alisema. "Ni kama hakuonwe."

"Andika vile, papa. Hakuonwe! Miye naenda kushona."

Akatoka akitembea kwa miguu yote miwili. Nyuma yake wagonjwa walikuwa wameanza kuvua viatu na kufungua vifungo vya mashati ili nao waangaliwe, Gauthier akipiga meza, na Bahati bado amepiga magoti, taa yake ikiwaka.