Mdomo wa Merle Trezise

Merle Trezise alianza kupuliza tarumbeta kwenye bendi ya mji wetu mdogo wa Moonta akiwa na miaka kumi na mitatu, na yalipomfika haya alikuwa ametimiza hamsini na minane. Mimi ndiye napiga ngoma kubwa, kwa hiyo najua ninachosema: bila yeye tulikuwa kelele tu. Asubuhi alioka pasti za nyama na viazi kwenye duka la mikate la kaka yake, Clem. Jumanne na Alhamisi jioni alikuwa wetu.

Mwaka juzi, mwezi wa Machi, gego lake la mwisho, la chini kulia, lilianza kumtesa. Shavu likavimba hadi kutafuna kukawa kazi. Akaenda kwa Daktari Hugo Pfitzner, mtu mpole wa makamo ambaye nusu ya mji imewahi kukaa kwenye kiti chake. Kabla ya sindano ya ganzi, Merle alimwuliza jambo moja tu.

"Daktari, mimi napuliza tarumbeta. Mdomo wangu utasalimika?"

"Usiwe na wasiwasi, mama. Baada ya wiki mbili utapuliza kama kawaida."

Gego lilitoka vizuri. Ganzi ndiyo iliyogoma kutoka. Kesho yake chai ilimchuruzika kidevuni bila yeye kujua. Siku ya nne alijing'ata mdomo wa chini akiwa kazini, akashtukia matone ya damu kwenye aproni yake nyeupe. Wiki mbili zilipopita alikuja mazoezini, akaweka tarumbeta mdomoni, na pumzi ikamtoka pembeni kwa mlio wa tairi lililochomwa msumari. Akajaribu mara tatu. Hakuna aliyecheka. Akalifuta tarumbeta lake, akalilaza kwenye sanduku, kisha akabaki kitini kutusikiliza mpaka mwisho. Mimi jioni ile nilipiga ngoma hovyo kabisa.

Daktari Pfitzner mwenyewe ndiye aliyemwandikia barua kwenda kwa bingwa wa Adelaide, mji mkuu wa jimbo letu. Bingwa akasema mshipa wa fahamu unaopita taya la chini umeumia. Huenda ukapona, huenda usipone. Subiri.

Clem si mtu wa kusubiri. Nilikuwa dukani siku alipolipuka.

"Mshtaki, dada! Kakuharibia mdomo, unamchekea?"

"Simchekei. Najiuliza kama amekosa au ni bahati mbaya. Hivi mtu anashtakiwa kwa bahati mbaya?"

"Bahati mbaya gani? Amekuonya yule? Alikupa hata neno moja?"

Merle akafungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alipewa na mhudumu wa pale kliniki alipokuwa akisubiri zamu yake. Hakuisoma, maana miwani aliisahau nyumbani. Ndani yake mlikuwa na mstari mmoja: mara chache, mgonjwa anaweza kubaki na ganzi kwa muda.

Clem aliusoma, akaangalia mlango, akaniangalia mimi. "Tupa humu," akasema, akafungua oveni. "Nani atajua?"

"Nitajua mimi," akasema Merle, akairudisha mkobani.

Ili apate jibu la swali lake, nilimpeleka Adelaide kwa gari langu, mwendo wa saa mbili. Wakili tuliyemwendea, Fotini Karanikas, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nene na meza isiyoonekana kwa mafaili. Alimweleza pole pole, bila kupamba maneno. Kumshtaki daktari wa meno kunawezekana, alisema, na muda upo, miaka mitatu. Lakini kuumia peke yake hakutoshi. Hata fundi hodari kuliko wote anaweza kugusa mshipa ule. Lazima ionyeshwe kwamba daktari alifanya, au aliacha kufanya, jambo ambalo mwenzake makini asingelifanya, na kwamba madhara yametokana na hilo. Kutomwonya mgonjwa nako ni kosa, ikiwa hatari ilikuwa inajulikana na kwa mgonjwa huyo ilikuwa kubwa.

Merle akaweka ile karatasi mezani.

Fotini aliisoma, akashusha pumzi. "Wakili wa bima yake ataishika hii kwa mikono miwili."

"Acha aishike. Nilipewa kweli."

"Haya. Sasa nina swali, na ulijibu taratibu. Angekuambia kwamba mdomo unaweza kufa ganzi moja kwa moja, ungekataa kung'olewa?"

Njia nzima nilikuwa namsikia akirudia jibu alilofundishwa na Clem, aliyebashiri kwamba ataulizwa hivi. Lilikuwa neno moja: ndiyo. Akatazama mikono yake.

"Hapana," akasema. "Shavu lilikuwa limejaa usaha. Ningeng'olewa tu. Ila ningekuja huku kwa bingwa, hata ikibidi kwa miguu."

Fotini akaweka kalamu chini. "Mama, watu huniletea visa vilivyopigwa pasi vikanyooka. Hiki chako kina mikunjo yake. Nakichukua."

Nimejuana na Merle tangu utotoni, lakini siku ile nilimwona upya.

Yakaombwa mafaili ya kliniki. Picha ya eksirei ilionyesha mizizi ya gego imeukumbatia mshipa. Daktari mwingine, mpasuaji wa kinywa asiyemjua yeyote kati yao, akaandika kwamba kazi ya mkono ilikuwa safi, ila kwa picha kama ile mpuliza tarumbeta alipaswa kuambiwa wazi na kupewa nafasi ya kwenda kwa bingwa. Tatizo ni kwamba swali la Merle halikuandikwa popote. Lilikuwa neno lake tupu.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa ikapita. Mdomo ukarudisha hisia nusu: joto na baridi alivisikia, ukingo wa kikombe hakuusikia.

Kabla ya kufika mahakamani, pande mbili ziliitwa kwenye usuluhishi. Nilikwenda naye mimi, kwa sababu Fotini alimkataza Clem kukanyaga pale. Wakili wa bima, bwana mmoja mwenye tai ya kijivu, alizungumza kwa adabu lakini akakata kama kisu. Mgonjwa alipewa karatasi. Hakuisoma. Sasa anadai kuna swali aliuliza, swali ambalo halimo kwenye kumbukumbu. Watu wakishaumia, akasema, hukumbuka mambo mengi.

Merle akawa mwekundu mpaka masikioni. Kabla hajajibu, Daktari Pfitzner akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi.

"Aliniuliza," akasema.

Wakili wa bima akamvuta mkono wa koti. "Daktari, si lazima..."

"Niache, bwana. Aliniuliza kuhusu mdomo wake, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Picha nilikuwa nimeshaiona. Watu sita walikuwa wananisubiri nje, nikataka twende haraka. Siwezi kukaa hapa mama huyu akaitwa mwongo."

Bwana wa tai ya kijivu akaanza kupanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Mkono wako ni mzuri, Daktari," akasema Merle. "Sikusikia maumivu hata kidogo. Ila ungeniambia."

"Ningekuambia. Nisamehe."

Mambo yakaisha alasiri ileile. Fidia aliyopewa sitaji ni kiasi gani, si yangu. Pfitzner hadi leo anafungua picha mbele ya kila mgonjwa na kumwonyesha mshipa kwa ncha ya kalamu. Mke wangu analalamika kwamba siku hizi kwake kuna maelezo mengi kuliko matibabu.

Mdomo haukurudi wote. Kiongozi wa bendi akamtafutia Merle tarumbeta kubwa la besi, ambalo mahali pake pa kupulizia ni papana kama kikombe, hivyo huegemea hadi sehemu ya mdomo yenye uhai. Alianza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Miezi mitatu ya kwanza alitoa sauti za ng'ombe mwenye mafua, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. Kwenye onyesho la Krismasi alitubeba wote.

Habari zikaenea, na watu wakaanza kumfuata dukani na meno yao. Huwauliza maswali yaleyale: ulimwuliza nini, alikujibu nini, una maandishi? Wengi huondoka kimya. Wawili amewapa namba ya Fotini. Juma lililopita alikuja mzee Jory Pengelly, anataka kushtaki kwa sababu meno yake ya bandia yanagongana akila.

"Umemwambia daktari?" akauliza Merle.

"Bado."

"Basi anza huko, babu. Hafungi mpaka saa kumi na moja."